Kuta za Penang kwa macho ya fundi chokaa

Mimi kazi yangu ni chokaa. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja ndizo zilizonilisha na kunisomeshea watoto, na nikiingia mji wowote wa zamani, kabla sijainua macho kutazama mnara, mkono wangu umeshafika ukutani. Kwa hiyo mwenye kutafuta habari za hoteli na maduka ya Penang hapa hatozipata nyingi. Nitaeleza kuta, mapaa, na watu waliozishika kuta hizo zisianguke.

Binti yangu anasoma chuo kikuu huko kisiwani Penang, Malaysia, na kila akipiga simu alikuwa akinihimiza: "Baba, njoo uuone mji huu kabla sijamaliza masomo. Wapo mafundi wa chokaa kama wewe." Neno hilo la mwisho ndilo lililonipandisha ndege. Nilishuka Kuala Lumpur, nikapanda treni ya kwenda kaskazini hadi Butterworth, na hapo feri ikanivusha mpaka George Town, mji mkuu wa kisiwa. Nawashauri na nyinyi mfike kwa njia hiyo, maana mji wa bandari hujieleza vizuri zaidi ukiuona kutoka baharini. Linatangulia gati, halafu safu ya majengo ya mabenki na kampuni za meli ya enzi za Mwingereza, na nyuma yake mapaa mekundu ya vigae yaliyobanana, huku minara ikichomoza hapa na pale.

Mwingereza alifika pale mwaka 1786. Nahodha Francis Light, mtu wa Kampuni ya India Mashariki, alikichukua kisiwa kutoka kwa Sultan Abdullah wa Kedah. Sultan alikuwa anatishwa na Siam, Thailand ya leo, na alichotaka ni ulinzi: nyinyi chukueni kisiwa, nami nikishambuliwa mje na majeshi. Kampuni ikapandisha bendera, ikaupa mji jina la Mfalme George wa Tatu, na habari ya majeshi ikaishia hapo. Sultan alipokusanya mashua mwaka 1791 ili arudishe mali yake, alipigwa, akasainishwa mkataba wa kulipwa dola 6,000 za Kihispania kila mwaka. Sisi tulioingizwa katika himaya ya Mwingereza mwaka 1890 hatuhitaji kuelezwa sana maana ya ulinzi wa namna hiyo. Ngome ya Cornwallis, iliyosimama pale Light aliposhukia, mwanzo ilikuwa ya magogo ya nibong tu, miti ya jamii ya minazi. Kuta za matofali zilikuja mwanzoni mwa karne ya 19. Haikupiganiwa vita hata siku moja. Nilipita humo haraka. Kilichonisimamisha ni mzinga wa shaba wa Waholanzi uliofuliwa mwaka 1603, Seri Rambai, uliopita mikononi mwa tawala za Johor, Aceh na Selangor kabla haujaishia kwa Waingereza.

Kanisa la Mtakatifu George liko karibu na hapo. Limejengwa mwaka 1818, jeupe, lina nguzo nene mbele, limekaa kwenye majani mabichi na miti mikubwa. Lilijengwa na wafungwa kutoka India. Kampuni ilikuwa ikiwahamishia Penang watu waliohukumiwa huko Bengal na Madras, na wao ndio waliofyeka barabara, wakachimba mitaro, wakajenga. Nilizunguka nje ya kanisa lile nikitazama nguzo moja moja. Zimenyooka. Mwashi yeyote anajua kuinyoosha nguzo ya mviringo kwa lipu ni kazi ya mkono uliokomaa, haifanywi na mtu aliyeanza kazi jana. Wale hawakuwa vibarua wa kubeba maji tu, walikuwamo mafundi kamili, na waashi wa Kihindi wa zama zile walikuwa na lipu yao maarufu ya chokaa ya kombe, wakiichanganya na sukari guru na ute wa yai mpaka ikang'ara kama kauri. Light amejengewa mnara wa kumbukumbu mbele ya kanisa mwaka 1886. Hao waliosimamisha nguzo sikuona jina la hata mmoja, na jambo hilo liliniuma pale, na linaniuma hadi sasa ninapoandika.

Jambo jingine la kanisa lile litawafurahisha mafundi wenzangu. Mwanzo paa lake lilikuwa sakafu bapa. Mvua za Penang zikalishinda, na mwaka 1864 wakalivunja na kuweka paa la mgongo. Yale yale yaliyotokea kwetu Mji Mkongwe, ambako nyumba za zamani zilikuwa na sakafu bapa juu mpaka watu walipochoshwa na kuvuja wakazifunika kwa mabati.

Barabara inayoanzia kanisani hapo waliiita Pitt Street, na leo ni Jalan Masjid Kapitan Keling. Ni fupi, unaimaliza kwa miguu bila kutoka jasho, na ndani yake kuna kanisa, hekalu la Wachina, hekalu la Wahindu kwa nyuma kidogo mtaa wa Queen, na msikiti. Wengi huja kupiga picha jirani hao wanne na kuondoka. Mimi nilikaa siku nzima nikiuliza swali moja kila mlango: nani analipa matengenezo?

Hekalu la Wachina ni la Kuan Yin, wanayemwita mwenye huruma, na lilijengwa mwaka 1800 na jamii mbili pamoja, Wahokkien na Wakantoni. Mbele kuna uwanja wa mawe uliojaa moshi wa udi wa vijiti, mingine minene kuliko mkono wangu, na njiwa wengi. Mimi ni Muislamu, sikuingia kwenye ibada yao. Nilisimama pembeni kwa adabu, nikaomba ruhusa ya kutazama mihimili ya paa, mzee mmoja wa hapo akanikaribisha kwa mkono. Vigae vya ncha za paa vimeinuka, na juu yake majoka. Swali langu likajibiwa na vibao vya mawe vilivyosimamishwa pale: vimechongwa majina ya watu waliochanga, mstari kwa mstari. Hekalu hilo limepita vita, limepita Wajapani waliolitawala Penang kuanzia Desemba 1941 hadi 1945, na watu bado wanachanga.

Hekalu la Sri Mahamariamman ni la mwaka 1833. Unavua viatu mlangoni. Juu ya lango kuna mnara wa sanamu za miungu zilizorundikana zikiwa na rangi zote, na nilimkuta fundi amekaa kwenye jukwaa la mianzi akipaka rangi uso mmoja kwa brashi ndogo, taratibu, hana haraka na mtu. Watamil wana desturi ya kulitengeneza hekalu upya kila baada ya miaka kadhaa na kuliweka wakfu tena. Yaani matengenezo kwao ni sehemu ya ibada, hayasubiri paa lianguke.

Msikiti wa Kapitan Keling uliasisiwa mwaka 1801 na Waislamu kutoka India ya Kusini, mkuu wao akiwa Cauder Mohuddeen. Makuba yake ya kijivu na mnara yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mtindo wa kifalme wa India. Nilisali adhuhuri humo. Sakafu ya marumaru, hewa inapita kutoka pande zote, na mvua ikanyesha tukiwa tumekaa, ile mvua yao inayomwagika yote kwa pamoja. Msikiti ule ulipewa ardhi kubwa iliyouzunguka, nyumba zikajengwa juu yake, kodi zikawa zinautunza. Ni wakfu, kama wakfu za kwetu. Hata historia zao zinakaribiana mno: mwaka 1905 Mwingereza alitunga sheria ya kuweka bodi ya kusimamia wakfu za Waislamu na Wahindu huko Penang, na mwaka huo huo akaunda Kamisheni ya Wakf Zanzibar. Mkono ulioshika mali za misikiti ya bandari mbili zilizo mbali vile ulikuwa mmoja.

Ukiendelea kusini kidogo unafika Lebuh Acheh, na hapa naomba niende polepole.

Msikiti wa Lebuh Acheh ulijengwa mwaka 1808 na Sayyid Hussein Aidid, tajiri wa biashara aliyetoka Aceh, kisiwani Sumatra, asili yake Hadhramaut ya Yemen. Kwa mtu wa Unguja au Lamu majina haya hayahitaji utangulizi. Masharifu wa Hadhramaut walioshuka majahazi yakielekea kusini ni jamaa wa hao waliokwenda mashariki mpaka visiwa vya Malay. Kaburi lake liko ubavuni mwa msikiti. Baada ya sala ya alasiri mzee mmoja mwenye kilemba cheupe aliniuliza natoka wapi, nikamjibu Zanzibar, akanishika mkono hakuuachia. Akaanza kunitajia koo za kwao, moja baada ya moja, na kila alipotaja nilimwambia, "Na kwetu wapo." Al-Attas, wapo. Bin Shihab, wapo. Jamalullail, wapo. Binti yangu alikuwa anatutafsiria, maana mzee alichanganya Kimalay na Kiarabu, ila kwa majina hakuhitajika mkalimani. Akamwambia binti yangu, "Huyu baba yako si mgeni hapa," na tangu saa ile akawa anamwita mjukuu wake.

Mnara wa msikiti ule ni wa pembe nane, na katikati yake kuna dirisha la mviringo. Wenyeji wanasimulia kuwa tundu hilo lilipigwa na risasi ya mzinga katika fujo za Agosti 1867, vyama vya siri vya Wachina vilipopigana mjini, kila upande ukiwa na washirika wake Waislamu, Bendera Nyekundu huku na Bendera Nyeupe kule. Badala ya kuliziba wakalifanya dirisha. Nililitazama sana dirisha lile. Limemalizwa vizuri, kingo zimelainishwa.

Mtaa wenyewe uliitwa Jeddah ya pili. Kabla ya ndege kushika safari za Hija katika miaka ya 1970, mahujaji wa kaskazini ya Malaya, Sumatra na hata kusini ya Siam walikusanyika hapo kusubiri meli. Nyumba zilizozunguka msikiti zilikuwa za kulaza mahujaji, na maduka yake yakiuza ihramu, mikeka, vyombo vya kupikia melini na masanduku. Mzee aliniambia alipokuwa mtoto mtaa ulikuwa haulali msimu wa Hija: jamaa walikuja na mapakacha ya vyakula, watu wakilia, watu wakisoma kasida, mpaka meli ing'oe nanga. Sasa nyumba nyingi za uwanja ule zimepakwa upya, nyeupe, safi, lakini wakazi ni wachache. "Nyumba zimepona, watu wamehama," akasema. Nilimuelewa vizuri sana.

Nyumba za kawaida za George Town ndizo zilizonila muda zaidi, kuliko hekalu lolote. Ni nyumba za duka: chini biashara, juu familia, mbele nyembamba na ndani ndefu ajabu, imeungana na ya jirani kwa ukuta mmoja. Ndani katikati paa linaachwa wazi ili mwanga uingie, joto litoke, na mvua ianguke kwenye kiwanja cha mawe kilichochimbiwa mtaro. Mbele, ghorofa ya juu imesogezwa nje kuifunika njia ya waendao kwa miguu, upana wa futi tano, kanuni iliyotoka kwenye mpango wa mji wa Singapore wa mwaka 1822. Kwa njia hiyo ukitembea mjini unapita chini ya nyumba za watu, jua na mvua havikufikii, na unapita kwenye maisha yao: mmoja anasuka vikapu, mwingine anafuta madhabahu ndogo ya kuchomea udi, mwingine amelala kwenye kiti.

Kuta zake ni matofali ya udongo wa kuchomwa na chokaa. Na ndipo nilipoukuta ugonjwa ninaoujua. Kwenye kichochoro kimoja ukuta ulikuwa umepigwa lipu ya saruji mpaka usawa wa kifua, na juu yake chokaa ya zamani. Chokaa, pamoja na umri wake, ilikuwa imeshika. Saruji ilikuwa imevimba na kuachia. Niligonga kwa kidole, ikalia tupu. Nikabandua kipande kilichokuwa kinaning'inia: nyuma yake matofali yamelowa, na chumvi imetoka nyeupe, laini, na uso wa tofali unapukutika ukiupitishia kidole. Maji hupanda kutoka ardhini kila siku, ukuta wa chokaa unayatoa nje, jua linayakausha, maisha yanaendelea. Ukiziba kwa saruji maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi na kula tofali kwa ndani. Nimeiona mitaa ya kwetu Mji Mkongwe: Shangani nimeiona, Malindi nimeiona, Kiponda nimeiona. Wenye nyumba hudhani saruji ni nguvu, na mafundi wasiojua huwauzia hiyo nguvu.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka kwa mafundi aliokuwa ameniahidi. Nyumba mbili zilizoungana zilikuwa zinatengenezwa, na msimamizi alikuwa mwashi wa Kitamil, mtu wa makamo. Walikuwa wameshabomoa saruji yote na kuuacha ukuta uchi upumue miezi. Hawapigi lipu mpaka ukauke. Uani kulikuwa na mapipa ya chokaa iliyolowekwa, maji yamesimama juu yake. Mwashi akazamisha mkono, akatoa donge, akaniwekea kiganjani. Nikalisugua kwa kidole gumba: laini, haina punje hata moja. Nikamwambia binti yangu amuulize inalowekwa muda gani. Akajibu haitumiki kabla ya kupita miezi, na iliyokaa zaidi ndiyo nzuri zaidi. Marehemu baba yangu alikuwa akisema hivyo hivyo. Tukaulizana mchanga, tukaulizana uwiano, nikamueleza sisi tunachanganya udongo mwekundu kwenye kujengea na tunatumia mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Boriti za mikoko zilimstaajabisha. Akanipa mwiko wake nipige sehemu, nikapiga. Hakurekebisha.

Ila tusijidanganye kuhusu mji ule. Kwa miaka mingi nyumba hizo zilikuwa chini ya sheria ya kudhibiti kodi, na familia zilikaa kwa kodi ndogo vizazi kwa vizazi. Wenye nyumba hawakutengeneza kwa kuwa hakuna faida. Wapangaji hawakutengeneza kwa kuwa si zao. Sheria ilipofutwa mwanzoni mwa mwaka 2000, kodi ziliruka na watu wakaondoka kwa maelfu: mafundi masanduku, washona viatu, wachonga vibao. Nyumba zilizobaki tupu nyingine zikageuzwa mabanda ya ndege wa viota, mbayuwayu wadogo ambao viota vyao vya mate Wachina huvinunua kwa bei kubwa. Madirisha yalizibwa, ndani kukapuliziwa unyevu mchana na usiku ili ndege wapende, na kuta zikaoza. UNESCO iliuweka George Town katika Urithi wa Dunia tarehe 7 Julai 2008, pamoja na Melaka, na baada ya hapo serikali ya jimbo ikawaondoa ndege kwenye eneo la urithi. Fedha za ruzuku za kutengeneza nyumba zikaanza kutolewa. Kazi nzuri, nimeiona kwa macho. Lakini na utalii ukaja, na michoro ya ukutani ya mwaka 2012 pale Armenian Street imeleta foleni za watu wa kupiga picha mlangoni pa wenyeji, na nyumba ya duka ikishanunuliwa ikafanywa hoteli, haimrudii tena fundi masanduku.

Sisi tuliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2000, miaka minane kabla yao. Na jumba letu la Beit al-Ajaib likaporomoka upande tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa. Nilisimama pale Penang nikifikiria hilo, na nikaona wazi kwamba majengo yaliyo salama zaidi George Town ni yale yenye jamaa zake, yaani watu wanaokutana humo kila wiki, wenye daftari la michango, wenye kuona aibu likivuja.

Mfano mkubwa ni Khoo Kongsi. Hilo ni jumba la ukoo wa Khoo, waliotoka kijiji kimoja cha Fujian. Unaingia kwa kichochoro chembamba, ghafla unatokea uwanjani, na mbele yako limesimama jumba ambalo sijapata kuona mfano wake. Jumba la mwanzo lilikuwa la mwaka 1851. Mwishoni mwa karne wakajenga jingine la fahari kupita kiasi, likaungua mwaka 1901 mara tu lilipomalizika, na watu wakasema mbingu imekasirika kwa kuwa lilifanana na kasri la mfalme. Hili la sasa ni la mwaka 1906, nalo walilipunguza ukubwa.

Sogea karibu na paa lake. Majoka, maua, ndege na wapanda farasi wote wale hawakufinyangwa wakapakwa rangi. Ni vipande vya bakuli. Fundi huchukua bakuli la kauri la rangi anayoitaka, hulikata kwa koleo vipande vidogo, kipande kwa umbo lake, kisha hukichomeka kwenye chokaa kabla haijakauka. Mkunjo wa bakuli ndio unaokuwa mkunjo wa jani la ua. Ukingo wa kikombe ndio unaokuwa gamba la joka. Kwa hiyo rangi haififii, jua la zaidi ya miaka 100 halijaifanya kitu, kwa sababu ni kauri iliyochomwa. Nilihesabu magamba ya joka moja mpaka shingo ikaniuma. Na wanaukoo wanaendelea kulitunza, kwa kodi za nyumba zilizozunguka uwanja na kwa ada za wageni.

Kek Lok Si, hekalu kubwa la Kibudha pale Air Itam, tulikwenda siku ya mvua. Lilianza kujengwa mwaka 1890. Pagoda yake ya mwaka 1930 ina kitako cha Kichina, kiwiliwili cha Kisiam na kichwa cha Kiburma, na ukiipanda unauona mji wote hadi bahari. Ngazi ni nyingi. Kwa mtalii ni lazima, kwa mwashi hakuna mengi, saruji imetawala.

Jumba la buluu la mtaa wa Leith ndilo nililolihifadhi mpaka mwisho. Alilijenga Cheong Fatt Tze, mtoto wa kimasikini kutoka Guangdong aliyetajirikia Batavia, Jakarta ya leo, na Sumatra, akawa balozi mdogo wa China hapo Penang. Alifariki mwaka 1916 na wasia wake ulikuwa nyumba isiuzwe mpaka mwanawe wa mwisho afe. Huyo akafa mwaka 1989. Wakati huo kila chumba kilikuwa na mpangaji wake, paa linavuja, na wajenzi wa maghorofa wanaitamani ardhi. Watu wachache wa hapo hapo Penang wakalinunua, wakalitengeneza miaka kadhaa kwa chokaa na mafundi wa asili, na mwaka 2000 likapata tuzo ya juu ya UNESCO ya hifadhi ya majengo kwa Asia na Pasifiki. Lina vyumba 38 na madirisha 220.

Buluu yake ni nili, ile ile ya mmea, iliyoletwa kutoka India na kuchanganywa na chokaa ya maji. Rangi ya kisasa hukaa juu ya ukuta. Hii imeingia ndani. Asubuhi ukuta ukiwa na unyevu ni buluu nzito, jua likipanda inakuwa nyepesi, na palipopata maji ya mvua pana kivuli chake. Nilipitisha kiganja, kikatoka na vumbi jepesi la buluu, nikajua ni chokaa kweli, inapumua.

Kuhusu chakula nitasema machache. Kuleni "nasi kandar" kwa Waislamu wa Kihindi, wali na michuzi iliyomwagwa juu mchanganyiko. Roti canai ni ndugu ya chapati ya kusukuma, kwa mchuzi wa dengu, asubuhi. Na mnywe juisi ya kungumanga: wao nyama ya tunda hawaitupi, wanaikamua na nyingine wanaikausha kwa sukari. Kungumanga na karafuu Kampuni ilizileta Penang kutoka visiwa vya Maluku mwishoni mwa karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu ya Maluku hiyo hiyo ikatufikia sisi kwa njia ya visiwa vya Wafaransa. Nilipowaambia wauza viungo wa sokoni kwamba kwetu karafuu zinaanikwa barabarani Pemba, wakaniletea zao nizinuse. Ni nzuri, kubwa, zina mafuta.

Anayetaka kwenda achague nyumba ya kulala ndani ya mji wa zamani, atembee alfajiri kabla ya joto, na abebe viatu vyepesi vya kuvua, maana mlango baada ya mlango utavivua. Kwenye mahekalu ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha watu wanaosali. Msikitini Lebuh Acheh kaeni baada ya sala, msikimbie.

Kwa mafundi wenzangu wa Unguja: nimerudi na nili. Yule mwashi wa Kitamil ameniandikia kipimo chake, binti yangu amekifasiri, na tunakijaribu na vijana wangu kwenye ukuta wa uani wa nyumba moja ya wakfu, Malindi. Mkono wa kwanza umetoka hafifu mno, chokaa yetu inakunywa rangi kuliko yao, nadhani ni kwa sababu ya matumbawe. Wiki hii tunapaka mkono wa pili, na nimeongeza nili kidogo. Mwenye nafasi apite asubuhi, saa mbili mpaka saa nne, aje na mwiko wake.